Aliyetangulia Kuchukua Funguo

Kamati ya kanisa iliponituma Maplewick mwezi wa sita mwaka wa 2007, ilinituma kwa sababu mbili. Kwanza, nina macho. Miaka kumi na moja nimesafisha vyumba vya hospitali hapa Maryland, na kabla ya hapo nilikuwa nikisafisha mabweni ya shule ya wasichana kule Meru, kwa hiyo uchafu uliojificha nyuma ya mlango huujua kabla sijaingia. Pili, hawakuwa wamewahi kunisikia nikisema uongo. Mzee Wainaina, mwenyekiti wetu, alilitamka hilo mbele ya watu wote baada ya ibada, nami nikainamisha kichwa. Sifa ya namna hiyo ni mzigo.

Maplewick ni bustani ya michezo iliyo vilimani, mwendo wa saa moja na zaidi kutoka Gaithersburg tunakoishi, ukishaipita Frederick. Kuna farasi wa mbao wanaozunguka kwa muziki, kuna gurudumu kubwa linalokupandisha mpaka uone mashamba ya ng'ombe, kuna ziwa lenye mashua za umbo la bata, na nyuma ya miti kuna nyumba za magogo za kukodi. Tangu mwaka wa 1999, kila mwezi wa nane, sisi wa ibada ya Kiswahili tulikuwa tukienda huko Ijumaa jioni na kurudi Jumapili. Kina mama tulilala katika nyumba kubwa ya vyumba sita, namba tisa. Kina baba walilala katika nyumba ndogo ng'ambo ya barabara.

Aliyetupeleka mara ya kwanza ni mume wangu, Ndirangu. Na kila mwaka yeye ndiye aliyetangulia kuchukua funguo. Alikuwa mlinzi wa usiku kwenye maegesho ya magari. Ijumaa ya safari akitoka kazini asubuhi hakuja nyumbani, alielekea Maplewick moja kwa moja, nasi tukamfuata jioni kwa gari la kanisa. Tulipofika tulimkuta amesimama mlangoni na funguo mkononi, kofia yake ya rangi ya udongo kichwani, akisema, "Karibuni nyumbani."

Nieleze jambo moja ili nieleweke. Mimi nikiingia katika nyumba ya mtu yeyote, macho yangu huenda pembeni. Sipendi iwe hivyo, lakini ndivyo ilivyo. Nitaongea na wewe, nitakunywa chai yako, na macho yangu yako chini ya kabati lako. Hata kanisani huona vumbi juu ya piano wakati wa maombi, na nimemwomba Mungu anisamehe kwa hilo mara nyingi. Lakini Maplewick, katika namba tisa, macho yangu yalikosa kazi. Bafu lilikuwa jeupe. Jiko lilikuwa limesuguliwa mpaka nyuma. Vitanda vilikuwa vimetandikwa kama tunavyotandika hospitali, pembe za shuka zimekunjwa kama bahasha. Siku mbili katika mwaka mzima nilikaa kwenye kiti cha barazani nikatulia kama mgeni. Wenzangu walikuwa wakinitania: "Leo Mama Ndirangu amelazwa, mumwangalie pumzi."

Nami nilikuwa nikiwasifu watu wa Maplewick kwa sauti, na mume wangu akiwa palepale. Nilikuwa nikimwonyesha pembe ya shuka na kumwambia, "Tazama, Baba. Mtu asiyenijua amenitandikia hivi. Wewe umekaa na mimi miaka thelathini na nne na hujawahi kukunja hata foronya."

Alikuwa akitazama dirishani na kusema, "Nitajifunza."

Ndirangu alifariki mwezi wa pili mwaka wa 2006. Moyo. Nilimkuta asubuhi ameketi kwenye kiti cha jikoni, kiatu kimoja amevua, kingine bado. Mwezi wa nane kanisa lilikwenda Maplewick bila yeye na bila mimi, maana sikuwa na nguvu ya kucheka na watu. Walirudi wamekasirika. Euphrasia, Mtanzania wetu mpishi, alisema oveni ilikuwa na mafuta yaliyoganda "kama mishumaa ya mazishi." Bafuni kulikuwa na nywele. Shuka moja ilikuwa na doa la chai lisiloulizwa ni la nani. Watu wakaambizana kwamba bustani imepata mwenyewe mpya, mwenye tamaa, na kwamba Maplewick imeshuka.

Neno hilo, "imeshuka", lilizunguka kanisani mwaka mzima. Wakati wa kupanga safari ya 2007 ulipofika, Bridget, katibu wetu kijana, akaandika barua ya malalamiko kwa Kiingereza kizuri. Ilisema kwamba kwa miaka saba walitupokea kwa heshima na mwaka wa nane wakatudharau. Iliomba waliosafisha nyumba ile waitwe wajibu. Mzee Wainaina akasema barua haiendi mpaka mtu mwenye macho akaone, na huyo mtu ndiye aweke sahihi.

"Ukiona pameharibika, saini," aliniambia. "Ukiona pazuri, tunaichana."

Nilikubali, lakini moyoni nilikuwa na haja yangu. Nyumbani kwangu kila kitu cha Ndirangu kilikuwa kimeshahama. Nguo tulizigawa, gari alichukua mpwa wake Mutai, kiti cha jikoni nilikitoa mwenyewe. Palibaki Maplewick. Nilitaka kukuta mahali pamoja duniani ambapo mambo yamekaa jinsi alivyoyaacha.

Nilikwenda siku ya Jumatano. Jerotich ndiye aliyeniendesha. Yeye ni mtunza wazee, Mkalenjin, rafiki yangu wa siku nyingi, na mdomo wake haupumziki.

"Sisi ni wale wapelelezi wa Musa," aliniambia tulipoingia barabara kuu. "Tofauti ni kwamba wao walirudi na zabibu. Sisi tutarudi na ripoti ya vyoo."

"Endesha, wewe."

"Ninaendesha. Lakini nikuulize, Mama. Ukikuta kumeoza, utasaini kweli?"

"Nikikuta kumeoza, kumeoza."

Akaniangalia kwa pembe ya jicho, kisha akaanza kulalamika juu ya malori.

Nilianza kuandika tangu getini. Nilikuwa na daftari la shule, lile la mistari mipana, kwa sababu mimi niliishia darasa la saba na mwandiko wangu unataka nafasi. Niliandika kwamba rangi ya geti inabanduka. Niliandika kwamba pipa limejaa na nyuki wanalizunguka. Mashua mbili za bata zilikuwa zimefungwa kwa kamba, shingo ya moja imepasuka. Farasi wa mbao walikuwa wamepauka, na yule mweupe wa mbele, ambaye Ndirangu alikuwa akimpanda kila mwaka kama mtoto, alikuwa hana sikio la kushoto. Niliandika: farasi, sikio limevunjika.

"Labda limevunjika jana," alisema Jerotich.

"Limevunjika zamani. Jeraha lina uchafu ndani."

Ofisini walitupatia ufunguo wa namba tisa tuitazame, maana haikuwa na wageni siku hiyo. Niliufungua mlango mwenyewe. Sikuwa nimewahi kuufungua. Miaka yote saba niliukuta umeshafunguliwa.

Sitaandika kila nilichokiona, si vizuri. Ilikuwa nyumba iliyofagiwa katikati na kuachwa pembeni. Mtu alikuwa amepita na fagio akifuata njia ya miguu yake. Juu ya friji kulikuwa na vumbi la kuandikwa jina. Chini ya sinki kulikuwa na kitambaa kilichokaukia pale kikawa kama kipande cha ubao. Nilipanda juu nikaingia katika chumba cha dirisha la mashariki, kile nilichokuwa nikilala, nikakuta shuka imetupwa juu ya kitanda, pembe zinaning'inia.

Nilikuwa nimeshajaza kurasa mbili. Jerotich alikuwa amekaa kwenye ngazi.

"Basi," nilimwambia. "Imeshuka."

Nilikaa kitandani. Sikulia. Lakini mikono haijui kukaa. Ilianza yenyewe kuvuta ile shuka, ikainua godoro, ikapinda pembe, ikaikunja chini kama bahasha, mara moja, mara mbili.

Hapo ndipo sauti ya mwanamume iliposema kutoka mlangoni, kwa Kiswahili, "Hiyo pembe naijua."

Alikuwa amesimama na mzigo wa taulo begani. Mtu wa makamo, mwembamba, na kwenye shati lake kibao chenye jina Silvanus. Alituomba radhi, akasema alisikia Kiswahili ngazini akadhani anaota. Yeye ni Mrundi, kwao ni Rumonge. Amefanya kazi ya kutandika nyumba hizi miaka tisa.

"Unaijuaje pembe hii?" nilimwuliza.

"Mama, hapa watu wote tunapachika tu, tunakwenda. Mtu anayekunja namna hiyo nilimwona mmoja tu. Mzee mmoja Mkenya. Alikuwa anakuja kila mwaka, mwezi wa nane, Ijumaa, na ndoo yake. Mwaka jana hakuja. Nilimngoja mpaka saa yangu ya kutoka ikafika." Akaweka taulo chini. "Mlikuwa mnamjua? Mzee wa kofia ya udongo, anacheka polepole."

Jerotich alisimama. Aliniangalia mimi, hakumwangalia yule mtu.

"Alikuwa anakuja kufanya nini na ndoo?" nilisema. Sauti yangu ilitoka vizuri, hata mimi nilishangaa.

"Kusafisha." Silvanus alilisema kama jambo ambalo kila mtu analijua. "Mimi wakubwa wananipa saa moja kwa nyumba hii. Vyumba sita, bafu tatu, jiko, saa moja. Nilikuwa natoka hapa nimeona aibu. Sasa mwaka ule wa kwanza akaja yeye, saa tatu ya asubuhi, yuko na uniforme ya kazi, macho mekundu. Akaniambia, ndugu yangu, wageni wanaingia lini? Nikamwambia saa kumi. Akasema, nifungulie sasa. Nikamwambia hairuhusiwi. Akatoa chupa ya chai, tukanywa pale nyuma kwenye vidaraja vya kupandia mlangoni, akaniomba tena."

"Ukamfungulia."

"Nilimfungulia, Mama. Miaka yote. Alikuwa anapiga magoti anasugua kwa tambara, hataki mopu, anasema mopu inapaka uchafu rangi mpya. Alikuwa anaanza na kitanda hiki hiki, cha dirishani. Akishamaliza hiki ndipo anakwenda kwingine. Mimi nilimwambia, mzee, nyumba si yako, kwa nini unajiua? Akasema, mke wangu ana macho. Amefagia Amerika yote. Nimemleta hapa apumzike siku mbili, na akiona vumbi hapumziki, ataomba fagio. Nataka akose kazi."

Nilikuwa nimeishika pembe ya shuka bado.

Sasa nilielewa kwa nini mimi na Silvanus hatukuwahi kuonana. Ni Msabato. Ijumaa alikuwa akitoka mapema ili jua lisizame akiwa kazini, Sabato ikamkuta huko, na Jumapili aliporudi jioni sisi tulikuwa tumeshaondoka. Nilielewa pia harufu ile. Ijumaa jioni Ndirangu alikuwa akinuka klorini mikononi, nikimwuliza anasema alijitumbukiza kwenye bwawa la kuogelea, nami namgombeza, mtu mzima kuoga na watoto wa watu. Mimi ninayejua harufu ya kila dawa ya choo inayouzwa Maryland. Nilikubali kwamba ni bwawa.

"Mwaka wa mwisho," alisema Silvanus, "ule wa 2005, hakuwa mzima. Alikaa kwenye ngazi pale alipokaa huyu dada. Alikuwa anavuta pumzi hivi. Nikamwambia, mzee, acha, leo nitakumalizia mimi, nitachelewa Sabato, Mungu ataona. Akasema hapana, wewe nenda kasali, bado choo cha juu tu." Kisha akauliza kwa upole, "Alipona?"

Jerotich akamjibu, "Alifariki, ndugu yangu. Huyu ndiye mkewe."

Silvanus alivua kofia yake ya kazi. Alikaa chini, sakafuni, akasema maneno ya Kirundi kwa sauti ndogo. Baadaye akanipa pole kwa mikono miwili, jinsi wanavyotoa kwao.

Alipotaka kuondoka macho yake yakaliona daftari juu ya kitanda. Aliuliza ninaandika nini. Nilimwambia ukweli, kwamba kuna barua ya malalamiko, na kwamba mimi ndimi wa kuweka sahihi.

Alitazama kurasa zile mbili kwa muda. Hakuzisoma.

"Wakiuliza nani anatandika namba tisa, ni mimi," alisema. "Na wakijua nilikuwa namfungulia mtu mlango, hawataniuliza mara ya pili. Nina watoto wanne, Mama. Lakini andika unachokiona. Mimi siwezi kukuambia uandike uongo katika chumba chake."

Tulianza safari ya kurudi. Karibu na Frederick, Jerotich alisema, "Mama, ile Jumamosi."

"Najua."

"Sikutaka kukukumbusha."

"Ulidhani nimesahau?"

Jumamosi ile ya 2005 watu wote walikuwa kwenye farasi, naye Ndirangu amelala kwenye benchi, mdomo wazi, kofia imemwangukia. Niliona haya. Nilimsukuma bega mbele ya kanisa zima, nikasema, "Baba, umekuja kulala hapa? Watu wanakuja kutembea, wewe unakuja kukoroma. Kitanda si uliacha nyumbani?" Watu walicheka sana. Mzee Wainaina akaongeza kwamba mlinzi huyu analipwa kwa kulala mpaka amezoea. Ndirangu aliamka, akacheka nao, akaenda kupanga foleni, akapanda yule farasi mweupe ili nisione haya tena.

Nilipofika nyumbani nilitoa albamu. Nilitafuta picha ya 2005 nikaipata. Ndirangu yuko juu ya farasi, ameshika mlingoti wa shaba wa farasi kwa mikono miwili, amefumba macho. Tulikuwa tumeicheka picha ile, tukasema anajifanya yuko angani. Nikaitazama vizuri na miwani. Vidole vyake vilikuwa vimechubuka na kupauka, kama vya mtu aliyefua siku nzima.

Kisha nikaona farasi. Hana sikio la kushoto.

Nikafungua nyuma, picha za 2002. Hana sikio. Nikaenda mpaka ya kwanza, 1999, sisi wote tumesimama mbele ya farasi tukiwa bado wembamba, Ndirangu katikati. Sikio halipo. Pipa la nyuma yetu limejaa. Rangi ya geti inabanduka. Mimi mwenye macho nilipita hapo mara saba na sikuona kitu, kwa sababu aliyenipokea mlangoni alikuwa ameshanipumzisha.

Jumapili baada ya ibada tuliketi kamati katika kile chumba cha watoto, kwenye viti vile vifupi. Euphrasia alileta chai na mandazi. Bridget aliweka barua mbele yangu, na kalamu juu yake.

"Mama, iko ready. Ni kusaini tu pale chini," alisema.

"Tupe ripoti kwanza," alisema Mzee Wainaina. "Imeshuka ama haijashuka?"

"Haijashuka," nilisema.

Euphrasia aliweka birika chini. "Mama Ndirangu, mimi ile oveni niliikwangua kwa kisu."

"Najua, mama. Oveni ni chafu hata leo. Nyumba ni chafu, nimeandika kurasa mbili, hizi hapa. Lakini haijashuka. Ilikuwa hivyo tangu mwanzo."

Walitazamana. Niliona Mzee Wainaina anafikiri kwamba huzuni imenipanda kichwani, na sikumlaumu. Nilikuwa nimejiuliza njia nzima kama nina haki ya kutoboa jambo ambalo mume wangu alilificha mpaka akafa nalo. Alilificha kwa ajili yangu, si kwa aibu. Ningeweza kusema tu kwamba pazuri, barua ichanwe, yaishe. Lakini hilo lingekuwa uongo, na wa kwanza wangu mbele yao. Na nikisaini, mtu aliyekunywa chai na Ndirangu kwenye vidaraja angefukuzwa kwa kosa la kutokuwa Ndirangu.

Basi niliwaambia. Niliwaomba kwanza kwamba habari za mlango kufunguliwa zisitoke chumba kile, wakakubali. Niliwaambia juu ya ndoo, tambara, saa tatu asubuhi, kitanda cha dirishani. Niliwaambia juu ya choo cha juu. Jerotich alikuwa akiitikia kwa kichwa kila baada ya neno, kama shahidi mahakamani. Nilipofika kwenye benchi ya Jumamosi nilitaka kuiruka, nikaona siwezi. Niliisema yote, na maneno niliyomwambia mume wangu niliyarudia kama nilivyoyasema.

Chai ilikuwa inapoa. Mzee Wainaina alitoa miwani akaifuta kwa tai, akaivaa, akaitoa tena.

"Na mimi nikasema mlinzi amezoea kulala," alisema. "Nilisema hivyo. Watu wakacheka."

"Hukujua, Mzee."

"Alinifungulia mlango wa gari siku ile. Alinibebea sanduku."

Alichukua barua, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Hakuichana. Sijui kwa nini, nadhani alitaka kubaki nayo.

Bridget alikuwa akilia kimyakimya, binti yule asiyependa kuonekana analia. Baada ya muda akauliza, "Sasa Mama, mwezi wa nane tunaenda ama hatuendi? Wanataka kujua mapema."

Niliona wote wananigeukia, kana kwamba sasa mimi ndiye mwenye funguo. Nilitaka kusema twende, nitatangulia mimi, nitapiga magoti niisugue kama alivyoisugua. Mkono ulikuwa umeshaanza kuinuka. Lakini magoti yangu ni ya miaka sitini na tatu, na daktari ameshayakataza hata maombi ya kupiga magoti. Niliuteremsha mkono.

"Mwaka huu tusiende," nilisema. "Wala tusiseme pameharibika. Mkiulizwa, semeni tumekosa wa kutangulia."

Euphrasia alisema polepole kwamba angeweza kutangulia yeye. Mwingine akasema labda vijana wagawane vyumba. Walisema hivyo kwa mioyo mizuri, lakini hakuna aliyeuliza ni saa ngapi, wala nani atabeba ndoo, na mwishowe Mzee Wainaina akafunga kwa maombi. Katika maombi yake alimtaja Silvanus kwa jina, ambaye hajawahi kumwona.

Jerotich alinirudisha nyumbani bila utani. Niliingia chumbani saa nane mchana, jua likiwa kwenye kitanda. Mimi hutandika kitanda changu kila asubuhi kabla ya maombi, pembe nne, na Ndirangu enzi zake alikuwa akikaa kwenye kile kisanduku cha viatu mlangoni, akitoka zamu, akinitazama huku anavua soksi. Nilikuwa nikidhani anangoja nimalize ili alale. Mara nyingine nilimwambia atoke, ananizibia mwanga. Alikuwa hatoki. Alikuwa akisogea kidogo tu, na kuendelea kutazama mikono yangu.

Nilikaa juu ya kisanduku kile. Ni kifupi, kinaumiza mgongo. Ukiwa pale, unaiona vizuri pembe ya shuka ya upande wangu, jinsi mkono unavyoingia chini na jinsi unavyotoka.